Kibuyu cha Tatu Kwa Elieza

Huko kwetu mtu akirukwa kwenye foleni husema, "Mmenila kwa Elieza." Utausikia msemo huo bombani, zahanati, hata kanisani siku ya kugawa mbegu. Watoto waliozaliwa juzi wanausema wakicheka, wala hawajui Elieza alikuwa nani. Mimi namjua. Alikuwa baba yangu, na alikuwa na duka.

Sasa nikuambie jambo ambalo kwa miaka arobaini sikumwambia mtu, hata marehemu mume wangu Elisha niliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini. Baba hakula zamu ya mtu yeyote. Aliyemlisha aibu hiyo ni mimi, Dorothea, binti yake aliyempenda kuliko wote. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake.

Duka lenyewe liko njiani kwenda Hombolo, na hadi leo makonda wa daladala huuliza, "Kwa Elieza kuna anayeshuka?" ingawa duka halijafunguliwa tangu mwaka themanini na sita. Mwaka huu, mwezi wa nane, mdogo wangu Daudi alinipigia simu kutoka Mwanza.

"Dada, ukuta wa duka umepigwa X nyekundu. Barabara inapanuliwa. Katapila linaingia Jumatatu. Kama kuna kitu unakitaka mle, kitoe."

"Kipo," nikamjibu. Sikulala vizuri siku hiyo.

Kilichokuwepo ni kibuyu. Kilikuwa cha Mama Yoramu, yaani Bibi Paulina, ambaye bado yu hai ng'ambo ya barabara ile ile na ana miaka tisini na moja. Nilikificha mwenyewe kwa mikono yangu. Nilijua katapila likikipitia, au Mungu akimchukua yule mama kwanza, basi jina la baba litabaki kuwa tusi la bombani mpaka siku ya kiyama, na mwenye kulisafisha nitakuwa nimekaa Chang'ombe, Dodoma mjini, nauza vitunguu na kunyamaza.

Ngoja nieleze ya vibuyu, maana wewe uliyekuta mafuta ya kula yamejaa madukani hutaelewa. Miaka ile mafuta yalikuja pipa moja, na pipa lenyewe lilikuja likitaka. Mara baada ya mwezi, mara baada ya miwili. Nani angesimama foleni miezi miwili? Watu wana mashamba, wana ng'ombe. Kwa hiyo kilichosimama foleni ni chombo. Ulileta chupa yako, kopo lako au kibuyu chako, ukakipanga chini, ukutani upande wa kushoto, kuanzia kaunta kwenda mlangoni, kisha ukaenda zako kulima. Kila chombo kilikuwa na alama: huyu kafunga kitambaa chekundu, yule kazungushia waya. Cha Mama Yoramu kilikuwa na shanga tatu za buluu shingoni.

Sehemu nyingine watu waliweka mawe kushika nafasi. Baba alikataa katakata. "Jiwe halinunui mafuta," alisema. "Jiwe halina mama. Kila mtu atakuja kusema ni lake." Akiona jiwe kwenye foleni analitupa nje bila kuuliza, na vyombo vinasogea. Chupa yetu sisi, yenye kipande cha khanga cha mama, aliiweka mwisho kabisa karibu na mlango. Kila pipa likija, yetu ya mwisho. Mama alinung'unika mpaka akachoka. Baba alikuwa mtu wa haki iliyokera, na nilivyo na ulimi mkali mimi, nimerithi kukera bila kurithi haki.

Mwaka themanini na nne nilikuwa na miaka kumi na tisa, na Yoramu alikuwa ananitaka. Alikuwa mrefu, mpole, akipiga ilimba, marimba yetu ya mkononi, vidole vyake vinakwenda vyenyewe. Usinicheke. Nilimpenda hasa. Wazee wa kwao walipanga kuja nyumbani Jumapili kuzungumza ng'ombe wa mahari, na mama yake alitaka mafuta ya kukaangia maandazi ya kuja nayo. Kibuyu chake kilikuwa cha tatu kwenye foleni. Akahesabu kwamba pipa likifika tu, amepata.

Jumatano asubuhi nikiwa nafagia duka nikaona kibuyu kina ufa chini ya shingo. Nikajiambia, mafuta yatavuja yote, mama mkwe atalia. Bibi yangu Anyesi alinifundisha kushona vibuyu kwa kano za ng'ombe, na mshono wangu ulikuwa wa kukatiza misalaba midogo midogo, hakuna mwingine pale kijijini aliyeshona hivyo. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kumwonyesha mama Yoramu kuwa anapata mkwe mwenye mikono. Baba alikuwa amekwenda Dodoma mjini kufuatilia pipa. Alishakwenda mara mbili akarudi mikono mitupu, nikajua na safari hii atarudi vile vile. Nikachukua kibuyu, nikakimbia nacho kwa bibi kutafuta kano. Na pale palipokuwa na kibuyu, mimi, binti wa Elieza, niliyelelewa na ile sheria, nikaweka jiwe.

Kano hazikuwa tayari, nikalala huko. Baba akarudi jioni ile ile na pipa. Alfajiri akafungua duka, akakuta jiwe. Unajua alichofanya.

Niliporudi mbio saa nne baada ya kusikia pipa limekuja, kibuyu kimeshonwa nusu na kiko chini ya khanga yangu, pipa lilishakauka. Nilisimama mlango wa nyuma. Duka lilikuwa limejaa watu na Mama Yoramu alikuwa mbele ya kaunta.

"Elieza, kibuyu changu kilikuwa cha tatu. Kiko wapi?"

"Mama Yoramu, mimi nimekuta jiwe," baba akasema.

Watu wakaangua kicheko. "Kibuyu kimegeuka jiwe!" Baba hakucheka. Alitoka kwenye kaunta, akaenda mlangoni, akachukua chupa yetu iliyokuwa imejazwa ya mwisho, akamshikisha mkononi. "Chukua haya ya nyumbani kwangu."

Mama Yoramu akaiweka juu ya kaunta kwa kishindo. "Sitaki sadaka. Nataka zamu yangu." Kisha akageukia watu wote. "Mmesikia? Baba anayekula zamu yangu, binti yake ataila nyumba yangu. Wazee wangu hawaji Jumapili. Wala mimi mguu wangu hautaingia tena humu."

Hatua nne zingetosha kunitoa mlango wa nyuma mpaka kwenye kaunta. Sikuzipiga. Niliogopa kuitwa mwizi mbele ya mwanamke niliyetaka kumwita mama. Niliingia stoo, nikatumbukiza kibuyu ndani ya sanduku tupu la majani ya chai, nikalifunika kwa gunia. Nikasema nitaeleza kesho. Kesho ikazaa kesho, na hizo kesho zimefika miaka arobaini bila aibu. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nilizaa watoto wanne, lakini tangu siku ile sikukanyaga tena dukani, hata kufagia alifagia baba mwenyewe.

Jioni ile mama aliuliza mafuta yetu yako wapi. Baba akajibu, "Yamepata mwenyewe." Basi. Tukala mlenda bila tone la mafuta miezi miwili, mama akisonga ugali kwa hasira hadi mwiko ukavunjika. Vyombo vikapangwa upya kusubiri pipa jingine, ila pipa halikuja. Baba akaanza kuumwa kifua. Kufika themanini na sita tukamzika, mama akafunga duka kwa kufuli kubwa na kusema kijiji kilichomcheka mume wake hakitanunua tena hata kiberiti humo. Hakuna aliyethubutu kumwomba chombo chake. Tukahamia mjini. Yoramu alishaenda Mtera kuvua samaki, akaoa huko. Ana wajukuu. Na mimi sikukosa mume, Elisha alikuwa mtu mwema, tusije tukaanza kumhuzunisha kaburini.

Jumamosi nikaenda na binti yangu Debora, anayefanya kazi wizarani kule Mtumba. Alikuja na glovu na barakoa, akasema tutamaliza nusu saa. Debora ni wa kizazi cha kutupa. Nikamwambia atangulie kutupa hizo glovu.

Ufunguo ulivunjikia kufulini. Tukamwita mchomeleaji, akaikata kufuli kwa dakika moja, akataka kuingia kuchungulia nikamwambia ahsante, baki hapo hapo.

Harufu ndiyo iliyonipokea. Mafuta ya taa, sabuni ya mche, tumbaku, na juu yake vumbi na mavi ya popo. Nilifumba macho nikawa na miaka kumi. Mizani ilikuwa palepale, sahani moja imeinama utadhani kuna kilo ya sukari. Mtungi wa peremende ulikuwa na bonge moja jekundu, peremende zote zimeshikana. Viberiti, nyembe, pakiti za sindano, koroboi sita hazijawahi kuwashwa. Ndala za kike, mguu mmoja umeliwa na panya, mwingine mpya kabisa. Kalenda ya mwaka themanini na sita iliishia mwezi wa tatu. Nyuma ya kaunta kulikuwa na kigoda cha baba, katikati kimelika alipokuwa anakalia. Nikaweka mkono pale. Debora aliniona, akavua barakoa.

Nikaenda moja kwa moja stoo. Sanduku la chai lilikuwepo. Gunia lilikuwepo, limebaki nyuzi. Nikalivuta, nikachungulia.

Hakuna kibuyu.

Nilipekua chini, nyuma, kila pembe. Miaka yote hiyo nilikuwa nakiona kibuyu kile ndani ya sanduku lile, na sasa sina hata cha kumwonyesha mtu. Ningekwenda kumwambia nini Bibi Paulina, maneno matupu?

"Mama!" Debora aliita kutoka mbele. "Njoo uone. Hivi, vyombo hivi vimepangwa foleni?"

Nikatoka. Alikuwa amefungua dirisha la mbao na mwanga ulikuwa umeanguka ukutani upande wa kushoto. Vilikuwepo vyote. Thelathini na kimoja, tulivihesabu baadaye. Chupa, makopo, vibuyu, vimejaa vumbi, hakuna kilichosogea. Cha kwanza kilikuwa chupa yenye kitambaa chekundu. Cha pili kopo la waya. Na cha tatu kilikuwa kibuyu chenye shanga tatu za buluu.

Nilipiga magoti. Nilitaka kukiinua kwa mkono mmoja, kikanishinda. Kilikuwa kizito. Kilikuwa kimejaa, kimezibwa kwa gunzi la mahindi, na gunzi limefungwa kwa kitambaa. Nikafuta vumbi kwa khanga nikautafuta mshono. Nusu ya kwanza ilikuwa misalaba yangu midogo. Nusu ya pili ilikuwa uzi wa gunia, umepitishwa vibaya vibaya na mtu mwenye vidole vinene asiyewahi kushona kibuyu maishani mwake, na matundu yamezibwa kwa nta ya mshumaa.

Nikakaa chini kwenye vumbi nikalia kwa sauti. Sikulia hivyo hata kwenye msiba wake.

"Mama, nini? Umeumia?"

Nikamwambia yote, pale pale chini. Debora alichuchumaa, suruali yake ya kazini ikizoa vumbi.

"Kwa hiyo babu alikikuta," akasema. "Akamalizia kushona. Na haya mafuta?"

"Ni yetu. Ile chupa aliyoikataa Mama Yoramu."

"Alijua ni wewe?"

"Mshono huu ni wa mtu mmoja tu. Alijua tangu alipokiinua."

"Na hakusema? Si angekipeleka tu kwao yaishe?"

"Angekipelekaje bila kueleza kilikuwa wapi? Binti anayeiba zamu ya mama mkwe asingeolewa na mtu yeyote, si Hombolo, si popote. Akaona bora wamcheke yeye." Nilipenga kamasi. "Alikuwa ananingoja niseme, Debora. Miaka miwili mizima alikuwa ananitazama mezani, nikadhani ni kifua."

Tukavuka barabara. Bibi Paulina alikuwa amekaa barazani kwake anabangua karanga kwa kupapasa, macho hayaoni vizuri tena.

"Shikamoo, mama."

"Mbukwa," akaitikia kwa Kigogo. "Nani huyo?"

"Dorothea. Binti wa Elieza."

Mikono ikasimama kwenye karanga. Sikungoja anikaribishe, maana ningengoja ningekimbia. Niliweka kibuyu mapajani mwake nikasema: mimi ndiye niliyekichukua, nilitaka kukishona, niliweka jiwe, baba hakujua, nikaogopa nikakificha, baba akakikuta akakijaza. Yalitoka yote kwa pumzi moja. Miaka arobaini, kumbe ni maneno ya dakika moja.

Alizipapasa shanga, moja, mbili, tatu. Alishuka na kidole mpaka kwenye mshono, akaenda taratibu mpaka pale misalaba inapoishia, akarudi, akaenda tena.

"Hii nusu nyingine ni yake?"

"Ndiyo, mama."

"Alinitumia salamu mara tatu," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mara tatu. 'Mwambieni Mama Yoramu, kibuyu chake kiko kwenye zamu yake, aje.' Mimi nikadhani ananicheka kama wengine. Nikajibu, mwambieni ajilie na jiwe lake." Akanigeuzia uso. "Wewe mtoto umenikosesha mkwe, umemkosesha baba yako usingizi. Mshenzi wewe."

"Ndiyo, mama."

"Kirudishe."

Sikuelewa. Nikadhani amekataa, kama alivyokataa chupa.

"Nimesema kirudishe pale kilipokuwa, cha tatu. Elieza hakuniambia kitaletwa nyumbani. Aliniambia nije dukani. Kesho baada ya ibada nakuja kuchukua zamu yangu."

Na kweli alikuja. Alipita mbele, kashikwa mkono na mjukuu wake Erica, na kanisa zima likamfuata, wengine na vitabu vya nyimbo mkononi. Mwanamke aliyeapa mguu wake hautaingia humo aliuinua ule mguu, akavuka kizingiti. Watu walijazana mlangoni na dirishani. Nilidhani atakwenda moja kwa moja kwenye kibuyu chake. Alisimama mbele ya kaunta.

"Mimi ni wa tatu," akasema. "Wa kwanza nani?"

Lydia wa kwaya akasogea, akatazama ile chupa yenye kitambaa chekundu, akashika mdomo. "Hiki ni kitambaa cha mama. Cha Mama Angelina."

"Chukua. Wa pili?"

Mzee Thomas alipenya watu na fimbo yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka kopo lile, na alilitambua kwa waya aliousokota mwenyewe. Alilipuliza vumbi akalikumbatia, na hakuna aliyemcheka.

"Sasa ni mimi," akasema Bibi Paulina. Nikamshikisha kibuyu. Akakiinua kadiri alivyoweza. "Kiko kizito, mnakiona? Hii ni zamu yangu. Elieza hakuila. Alinitunzia, mimi ndiye niliyekataa kuja. Asisikike tena mtu bombani akilitukana jina la mtu huyu, nitamfuata kwake na fimbo."

Sikuona vizuri tena. Nilisikia tu vyombo vikiitwa kimoja kimoja, watu wakitaja mama zao na bibi zao, wakicheka, wakilia. Vichache havikupata mwenyewe, vikawekwa pembeni kwa heshima. Ilichukua karibu saa moja, na Bibi Paulina hakukubali kukaa.

"Wa mwisho?"

Hakuna aliyesogea. Karibu na mlango ilibaki chupa moja ya kijani yenye kipande cha khanga kilichopauka. Nilikuwa nimesimama kando yake muda wote.

"Mimi, mama," nikasema. "Chupa ni yetu."

"Ilete hapa."

Nikaipeleka. Ilikuwa nyepesi, imekauka. Bibi Paulina akamnyooshea mkono Erica, na Erica akatoa kwenye kikapu dumu la mafuta ya alizeti, mapya, ya mwaka huu. Walikuwa wamejiandaa tangu asubuhi na mimi sikujua.

"Baba yako alinipa ya kwenu," akasema yule mama. "Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Shika vizuri usimwage, mikono yako naijua."

Nikashika kwa mikono miwili, Erica akamimina mpaka shingoni.

Jumatatu katapila lilifanya kazi yake, sikwenda kutazama. Nilikuwa Chang'ombe napika mlenda, nikatia mafuta kijiko, nikatia na cha pili. Debora alionja akasema yamezidi. Nikamwambia ale anyamaze.